Insafu ya Mchezo Mkali

Katika michezo ya kompyuta iliyopata kubuniwa, ni michache iliyozigawanya nyoyo za wachezaji kama NetHack, mchezo uliotolewa bure mwaka 1987, ukiwa mtoto wa Hack na mjukuu wa Rogue ya mwaka 1980, na ambao hata leo unatunzwa na watu wanaojitolea pasipo ujira. Umbo lake ni la ajabu kwa macho ya siku hizi, maana kwa asili hauna picha: mchezaji ni alama ya @, mbwa wake ni d ndogo, na joka litakalomuunguza ni D kubwa. Kazi anayopewa ni kushuka ngazi zipatazo 50 chini ya ardhi, kuitwaa Hirizi ya Yendor, kisha kupanda nayo hata mbinguni na kuitoa sadaka katika madhabahu ya mungu wake. Na akifa njiani, ijapokuwa amecheza majuma kadhaa, safari yake imekwisha, hana budi kuanza upya.

Wanaoulaumu husema kuwa huu ni mchezo wa dhuluma, na hoja yao haistahili kupuuzwa. Hutoa mfano wa kokatrisi, kiumbe mdogo ambaye amgusaye kwa mkono mtupu hugeuka jiwe papo hapo, na aulaye mzoga wake hali kadhalika. Mwenye glavu aweza kuushika mzoga huo na kuwageuza adui zake mawe, walakini akitumbukia shimoni hali ameushika, atauangukia, na glavu hazitamfaa kitu. Nani, huuliza kwa ghadhabu, angeyajua hayo kabla ya kuuawa nayo?

Naikubali hasira yao, lakini neno dhuluma nalikataa. Dhalimu huwa na sheria mbili, moja yake na moja ya wengine, ilhali humu sheria ni moja kwa wote: mtego unaokunasa wewe huwanasa na wanaokuwinda, na fimbo ya uchawi uliyoiacha sakafuni kwa uzembe yaweza kuokotwa na adui na kuelekezwa kifuani pako. Fauka ya hayo, mengi yanayoitwa siri yamewekwa wazi kwa mwenye kutazama. Mbwa yule wa herufi moja husitasita kukikanyaga kitu kilicholaaniwa, hata mchezaji mwenye subira akajua, kwa kuufuata mwendo wa mnyama tu, ni deraya ipi ya kuvaa na ipi ya kuiacha. Na mbwa huyohuyo, akipewa nafasi dukani, humwibia bwana wake bidhaa ambazo asingeweza kuzilipia. Sijui mchezo mwingine unaomheshimu mtazamaji kwa kadiri hiyo.

Yabaki mambo ambayo utazamaji peke yake haufikii. Jina Elbereth, lililotoka katika hadithi za Tolkien, likiandikwa mavumbini huwatisha madubwana karibu yote, isipokuwa binadamu, minotauri na wachache wengine. Wengi wamelipata jina hilo kinywani mwa mwenzao aliyetangulia. Wako wanaoona haya kuuliza, wakidhani ushindi wa aliyefundishwa una taksiri. Nawahurumia, maana wanajinyima lililo bora. Mchezo wenyewe umewafungulia mlango wa ushirika: mtu akifa, pengine mahali alipofia huhifadhiwa, na mchezaji mwingine wa kompyuta ileile akapita hapo siku nyingine, akakuta mzuka wake na mali zake, nyingi zikiwa na laana, akajifunza kilichomuua.

Kuhusu wanaodai mauti yalegezwe, jawabu limo ndani ya mchezo wenyewe tangu zamani. Ipo hali ya uchunguzi, ambamo mchezaji huulizwa kama anakubali kufa, naye akikataa huendelea, ila jina lake haliandikwi katika daftari la washindi. Rehema hiyo yatosha. Wale wanaonakili faili zao kwa siri ili wafufuke, kisha wakatangaza ushindi kama wenzao, wameichukua heshima isiyo yao.

Thamani ya kufundishwa ilionekana mwaka 2021, katika shindano lililoambatana na NeurIPS, mkutano wa watafiti wa akili bandia, ambapo programu za kompyuta zilipelekwa katika mashimo ya NetHack. Zile zilizojifunza zenyewe kwa kucheza mara nyingi mno zilishindwa na zile ambazo watu waliziandikia kwa mkono kanuni walizozijua wachezaji, na hakuna hata moja kati ya zote iliyoifikisha Hirizi mbinguni. Ilhali binadamu waliofunzwa na binadamu wenzao walikwisha kuifikisha mara nyingi, miaka mingi kabla ya hapo.