Tumeondoka sote, mama abaki na nani?

MTOTO wa mwisho akishapata kazi, wazazi wengi humshukuru Mungu na kupumua. Karo imekwisha! Lakini ni wachache wanaoifikiria jioni inayofuata, mama anaposonga ugali kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kuula.

Februari nilipanda matatu Nairobi, nikapitia Mai Mahiu na Narok hadi nyumbani kwetu Bomet. Baba alituacha zamani. Januari kitinda mimba wetu naye alipata kazi Mombasa. Kwa desturi yetu sisi Wakipsigis, mwana wa kiume wa mwisho ndiye hurithi nyumba ya mama, kwa hivyo wengine wote tulikuwa tumemwachia yeye kazi ya kumtunza. Sasa naye ameondoka.

Nilimkuta mama akisonga kimyet katika sufuria ile ile ya watu wanane.

"Mkono umezoea, mwanangu," aliniambia. "Kila jioni nasonga, na kila jioni mbwa hushiba."

Kando yake vibuyu vitatu vya mursik vilikuwa vimejaa. Bado anavipaka mkaa wa senetwet kama zamani, utadhani sote tunarudi kutoka shule Ijumaa.

Nilikuwa nimetumwa na ndugu zangu. Ng'ombe auzwe, shamba la chai likodishwe, mama ahamie Nairobi. Sababu tulikuwa nayo. Jirani alikuwa amenipigia simu kunieleza kwamba mama aliteleza njiani akipeleka majani kituoni, kikapu mgongoni, akalala kitandani siku mbili bila kutuambia.

Niliutoa ujumbe huo tukinywa chai. Mama hakubisha. Alinyanyuka, akanipeleka shambani.

"Hapa nilikuwa nikipanda mahindi ekari nzima," alisema. "Mvua za Machi zikishika, nitapanda robo tu, kwa sababu walaji hawapo. Kwingine nitapanda viazi na managu, niuze sokoni. Na chai hii ndiyo iliyowasomesha. Haimngoji mtu. Ukichelewa kuichuma, majani hukomaa, na kituoni hukataliwa. Ndiyo inayoniamsha asubuhi. Huko Nairobi nitaamkia nini?"

Kisha akatabasamu. "Bonasi ya Oktoba itakuwa ya kwanza isiyodaiwa karo. Nitapanda garimoshi niende Mombasa kumwona mdogo wenu, na niione bahari."

Ana miaka 62 na hajawahi kuiona. Niliona haya. Sisi tulikuwa tumempangia maisha yake yote na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwuliza.

Hata hivyo, kuanguka kule hakukuwa mzaha, nami nilimwambia hivyo. Alinyamaza kitambo.

"Niliogopa kuwaambia," alisema mwishowe. "Nilijua mtakuja kunichukua."

Msomaji wangu, maneno hayo yalinikosesha usingizi. Mzazi anapoficha maumivu kwa kuogopa msaada wa wanawe, basi msaada huo una kasoro.

Tulikubaliana hivi. Sisi watoto tutachanga kila mwezi tuwalipe wachumaji, ambao hulipwa kwa kilo, na hao ndio watakaobeba majani hadi kituoni. Mama atabaki msimamizi wa shamba lake. Ng'ombe hauzwi. Naye, kwa upande wake, akianguka au akiugua atatuambia siku hiyo hiyo. Tena kila mmoja wetu atatoa wikendi moja msimu wa kupanda, aje kushika jembe.

Wewe mwanafunzi uliye chuoni, na wewe uliye na kazi mjini, pesa za M-Pesa ni nzuri, lakini hazili mursik. Kabla hamjakaa kikao cha kumhamisha mzazi, mwulizeni kwanza yeye amepanga nini. Huenda ana mipango kuliko ninyi. Mwulizeni pia anaogopa nini, na mjibu lake msilipuuze.

Nilirudi katikati ya Machi mvua ilipoanza, nikiwa na dada yangu na watoto wake. Nilikuwa nimemnunulia mama sufuria ndogo ya mtu mmoja. Alinishukuru sana, "Kongoi, mwanangu," akaitundika ukutani. Siku hiyo tulikuwa saba mezani, na ile kubwa haikubakisha chochote cha mbwa.