Usilipe ili usianikwe mtandaoni. Lalamika

Meseji yenyewe huwa fupi: "Tuma elfu tano kabla ya saa mbili usiku ama picha zako zinaenda kwa grupu ya familia." Chini yake kuna namba ya simu. Aliyeshtuka hafikirii mara mbili. Anafungua simu, anaweka PIN, anatuma. Siku chache baadaye yule mtu amerudi, na sasa anataka elfu kumi.

Msimamo wetu ni huu: usitume. Tunajua inachekesha kidogo kampuni inayoishi kwa watu kutumiana pesa ikikuambia usitume. Lakini malipo hayafuti picha. Aliye nayo bado anayo, na umemwonyesha kwamba una hofu na una salio.

Kama tayari umetuma, usifute ule ujumbe wa muamala. Watu huufuta kwa aibu, ama kwa kuogopa mwenzao nyumbani atauona. Huo ndio ushahidi wako mzuri kuliko wote: una nambari ya muamala, tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Laini iliyopokea imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Ndiyo, kitambulisho chaweza kuwa cha wizi, lakini mpelelezi anapata pa kuanzia. Tupigie mapema pia. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, hatutakudanganya kwamba itarudi. Na jambo moja huwakasirisha wateja: hatukupi wewe taarifa za mwenye namba hiyo. Tunazitoa kwa wapelelezi wanaofuata utaratibu wa sheria. Sheria hiyohiyo ndiyo inayomzuia mtu mwingine kuja kuuliza habari zako.

Halafu usikimbilie kublock. Kwanza piga skrinshoti ya vitisho, namba yenyewe ikionekana, na unakili linki ya akaunti au posti. Ukishahifadhi, ripoti ndani ya programu yenyewe. Kwenye Facebook au TikTok, ripoti posti au video husika, si akaunti peke yake. Kwenye WhatsApp, ukiripoti mtu, kampuni hupokea meseji tano za mwisho alizokutumia, na yeye haambiwi.

Kwa picha za faragha za mtu mzima, kuna huduma ya bure iitwayo StopNCII.org ambayo tungependa ijulikane zaidi. Inatengeneza alama maalum ya picha, kitu kama alama ya kidole, palepale kwenye simu yako. Picha haitoki. Ile alama ndiyo hupelekwa kwa kampuni zinazoshiriki, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili picha ikipandishwa huko itambuliwe na kuzuiwa. Haiingii ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, kwa hivyo kwa grupu ya mtaa haikusaidii.

Grupu ndiyo kesi ya polisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema anayesambaza picha ya faragha ya mtu mwingine anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Haisemi ni yule wa kwanza tu. Wewe uliyeforward "tu kuuliza kama ni yeye" umo. Nenda kituo chochote cha polisi na usiondoke bila nambari ya OB, kwa sababu kila ofisi utakayokwenda baadaye itaiuliza. Kama unaona haya kituoni, DCI wana laini ya bure, 0800 722 203. Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye kuhusu dhuluma ya kijinsia, piga 1195, nayo ni bure.

Kuna vitisho vingine ambavyo wengi hudhani ni halali kwa sababu wana deni. Mkopo wa simu umechelewa, na wakopeshaji wanawatumia bosi wako na shangazi yako meseji kwamba wewe ni mwizi. Deni ni lako kulipa, lakini kuaibishwa hakumo kwenye mkataba. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza. Peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC, ambayo kisheria ina siku 90 za kuchunguza na kukamilisha. Si ofisi ya maneno matupu: mwaka 2023 ilitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000, baada ya watu kulalamika kwamba namba zao zilichukuliwa kwa wengine kisha wakatumiwa vitisho. Wale watu hawakunyamaza. Walilalamika.

Ikiwa anayetishwa ni mtoto, utaratibu unabadilika kidogo. Usipige skrinshoti ya picha yenyewe wala usiitume kwa mwalimu au kwa grupu ya wazazi kutafuta ushauri. Hifadhi meseji, namba na linki pekee. Piga 116, laini ya bure ya watoto, saa yoyote, hata usiku. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga.