Farasi, Baghala na Punda wa Kipungani
Farasi ni pambo la wafalme, na hilo hatulikanushi. Lakini gharama ya malisho yake, na unyonge wake mbele ya maradhi ya nchi za joto, humfanya kuwa taabu kwa mtu wa kadiri. Ama baghala, ambaye ndiye nyumbu wa kufugwa, baba yake punda na mama yake farasi, amerithi subira ya baba na kimo cha mama, na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alikuwa na baghala aitwaye Duldul, ila kwa kuwa baghala hazai, amtakaye hana budi kuwa na farasi jike kwanza, na sisi wa Kipungani, kisiwani Lamu, farasi hatuna. Tuliye naye ni punda, aliyebeba mawe na boriti za nyumba zetu, na juzi nilimwona mmoja akipita mchangani na makuti ubavu huu na huu, shogi limeteleza, na chini yake kidonda kibichi cha upana wa kiganja, nzi wamekizonga. Nikaona haya kana kwamba ni mimi niliyempakia. Tangu mwaka 1987 pana hospitali ya punda mjini Lamu, na matibabu yake ni bure. Basi, ndugu zangu wenye punda, wapelekeni kabla kidonda hakijaoza, na shogi msilitandike juu ya mgongo mtupu.