Ushungi uliovuruga hesabu ya wauaji

Kila Aprili ikifika, Garissa hutajwa nchini kwa msiba mmoja: shambulio la Chuo Kikuu la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148. Wauaji waliwatenga wanafunzi Waislamu na Wakristo, kisha wakaua. Sisi wa Pwani mbinu hiyo twaijua. Tuliiona Mpeketoni Juni 2014.

Kinachosahauliwa ni kwamba tarehe 21 Desemba 2015, mtihani ule ule uliwakuta abiria wa basi lililokuwa likienda Mandera. Mara hii Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Wanawake waliwapa Wakristo ushungi wajitande. Watu wawili waliuawa, na mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Kisa hicho ndicho kilichozaa filamu fupi Watu Wote, iliyoongozwa na Mjerumani Katja Benrath na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar 2018. Ni kisa kinachofanana na picha za wasanii wa sarealizimu, wanaochora dunia kama ionekanavyo ndotoni: kitambaa chapita kichwani, na "adui" ametoweka. Mwenye bunduki hajui tena amtafute nani.

Si uchawi. Miaka ya 1970, mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza, akiwaambia kundi moja limependa picha za Klee na jingine za Kandinsky. Kwa kweli waligawanywa kibahati tu. Hata hivyo, walipoambiwa wagawe fedha, wengi wao waliwapendelea wa kundi lao. Ikiwa picha tu zilitosha kuwatenga watoto, dini na kabila je?

Hapa ndipo serikali inapaswa kujitazama. Afisa anayemshusha msafiri kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu ya sura au ushungi wake, atumia jicho lile lile la muuaji, hata kama nia yake ni usalama. Amchambua mtu kabla ya kumjua.

Kisa chetu kimesimuliwa na wageni, nao wastahili shukrani. Lakini kaunti za Garissa, Lamu na Tana River zina kuta na zina vijana wenye vipaji. Wapeni rangi. Mtoto anayepita kwenda shule akione kisa cha basi lile pia, si makaburi peke yake.