Njia ya umma haipigiwi hodi

Muulize Mswahili aliyekaa London miaka kumi ameiona sehemu gani ya Uingereza. Atakutajia Heathrow, Oxford Street, Lunar House kule Croydon, na pengine Leicester au Milton Keynes alikokwenda harusini. Mashamba na misitu ameiona kwenye dirisha la basi, usiku, watoto wamelala. Na ukimwambia Jumapili twende tukatembee bondeni, tufuate mto, jibu lake huwa ni swali: "Shamba la nani hilo?"

Swali hilo si la kipuuzi. Sisi tumelelewa kwamba mtu haingii shamba la mwenziwe bila ya hodi. Na huku ughaibuni wengi wetu tumebisha hodi miaka kadhaa kabla ya kufunguliwa, tukahojiwa, tukachukuliwa alama za vidole, tukaambiwa tusubiri barua. Sisi tuliofukuzwa na kalamu zetu tuna na la ziada: tumezoea kugeuka nyuma tukitembea. Mtu wa namna hiyo akiona ua, lango na ng'ombe wa watu, anarudi alikotoka. Anasema, haya si yetu.

Ndugu msomaji, ni yako. Shamba si lako, lakini njia ni yako.

England na Wales zina njia za umma zipatazo maili 140,000, na sehemu kubwa yake inakatiza ardhi ya watu binafsi. Inapita katikati ya shamba la ngano, pembeni mwa bustani ya tajiri, mara nyengine mbele ya dirisha lake la jikoni. Mwenye ardhi hawezi kuifunga kwa kufuli wala kukutoza hata senti. Akilima na trekta njia ikapotea, sheria inampa siku 14 airudishe, upana usiopungua mita moja kama inakatiza shamba. Sheria ya mwaka 1949 ilizitaka halmashauri zichore njia hizi katika ramani rasmi, na njia ikishaingia katika ramani hiyo, ndio basi. Kubwa zaidi kwetu ni hili: haki ya kupita haina uraia. Mwenye pasipoti nyekundu, mwenye viza ya mwanafunzi na yule ambaye kesi yake haijaamuliwa, wote wanapita sawasawa. Kijibao chenye mshale wa manjano kinakwambia hapa pana njia ya miguu. Wa buluu maana yake farasi na baiskeli nao wanapita. Hiyo ndiyo elimu yote inayohitajika.

Wasije wasomaji wetu wakadhani wenyeji walipewa haya kwa ukarimu wa mabwana. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wa viwandani walipanda mlima wa Kinder Scout, karibu na Manchester, kwa makusudi, wakijua kuwa ni ardhi iliyofungwa kwa ajili ya uwindaji wa wakubwa. Watano kati yao walitiwa jela. Mmoja wa viongozi alikuwa Benny Rothman, kijana wa miaka 20, fundi wa magari, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Romania. Alifungwa miezi minne. Yaani aliyekwenda kuwafungulia Waingereza mlima wao alikuwa mtoto wa wahamiaji. Iliwachukua mpaka mwaka 2000 Bunge kupitisha sheria ya kuruhusu watu kutembea huru katika milima na nyika, na hata hiyo inagusa kama asilimia 8 tu ya ardhi ya England. Waskochi walipata zaidi kwa sheria yao ya mwaka 2003. Ndugu zetu wa Glasgow na Edinburgh wana uwanja mpana kuliko sisi.

Lakini tuache milima. Wengi wetu magoti yanauma, tunafanya kazi za kusimama usiku kucha, na hakuna anayetaka adhabu nyengine mwisho wa wiki. Tunachokipendekeza ni bonde. Kwa walioko London, bonde la mto Chess.

Unapanda treni ya laini ya Metropolitan mpaka Chesham, mwisho wa reli. Kadi ya Oyster inafika huko, na wazee wenye kadi ya Freedom Pass hawalipi kitu, kwa hiyo kisingizio cha nauli kwa bibi na babu hakipo. Kutoka Chesham njia inafuata mto mpaka Rickmansworth, maili kama 10, bila ya mlima wa kukutoa roho. Asiyeweza maili 10 akate katikati; vituo vya Chalfont & Latimer na Chorleywood haviko mbali na bonde, na hata maili tatu ni matembezi. Mto wenyewe si mkubwa. Mtu wa Rufiji ataucheka. Lakini maji yake yanatoka kwenye miamba ya chokaa chini ya ardhi, ndiyo maana ni maangavu, unahesabu mawe chini. Mito ya aina hii ni michache duniani na mingi yake iko England. Karibu na Sarratt maji hayo yalilimiwa watercress kwa miaka mingi, mboga ya majani inayoota majini, na kwa aliyekulia mabonde ya mpunga, vitalu vilivyofurika maji si kitu kigeni machoni. Juu ya bonde ni misitu ya miti ya beech. Nenda mwishoni mwa Oktoba, majani yakiwa rangi ya shaba.

Na tazama ukingoni. Pale yupo yangeyange mweupe, wa jamaa ya wale wanaofuata maji kwetu. Ndege huyu hakuwa akizaliana nchi hii. Kiota chake cha kwanza kilichothibitishwa ni cha mwaka 1996, katika kisiwa cha Brownsea kule Dorset. Hakuna aliyemtaka fomu.

Katika bonde hilo hilo, juu ya kilima, lipo jumba la Latimer House. Wakati wa vita vya pili vya dunia walifungwa hapo maofisa wa Kijerumani, na katika vyumba vyao vilifichwa vipaza sauti. Waliokaa na kusikiliza, wengi wao walikuwa wakimbizi, Wayahudi waliotoroka Ujerumani na Austria, kwa sababu wao ndio walioijua lugha. Sisi ambao kwetu kuta zilikuwa na masikio dhidi yetu tumelitazama jumba lile kwa muda mrefu kuliko watembezi wengine, bila shaka.

Tunajua yatakayosemwa. Kwamba kuna tope: lipo, vaeni mabuti. Kwamba kuna ng'ombe: wapisheni, na mkiona wana ndama zungukeni mbali. Kwamba tutatazamwa. Hili ni kweli, na hatutamdanganya mtu. Jamaa yetu mmoja alisimamishwa na mzee mwenye mbwa, akaulizwa kwa upole kama amepotea. Alikuwa na ramani mkononi. Akamjibu kwamba hajapotea, akamuuliza na yeye kama amepotea, wakacheka, au angalau mmoja wao alicheka. Dawa ya kutazamwa ni kuonekana mara nyingi. Anayetaka wanawe wakue bila ya kuuliza "shamba la nani hilo" awapeleke kabla hawajajifunza kuuliza.

Sheria ya nchi hii ina kipengele ambacho tungependa kila msomaji wa nyumbani akisikie. Watu wakiipita njia miaka 20 mfululizo, bila ya kuzuiwa, bila ya kujificha na bila ya kuomba ruhusa, sheria inachukulia kuwa mwenye ardhi ameshaitoa kwa umma, isipokuwa awe na ushahidi kwamba hakukusudia. Angalieni maneno hayo: bila ya kuomba ruhusa. Nyayo zinahesabiwa kuwa hati.

Sasa tulinganishe na pwani zetu. Anayeijua pwani ya Unguja au ya Mombasa anaijua habari hii: njia ya wavuvi, aliyopita babu yao na ndoo ya samaki, siku moja inakutwa na ukuta wa hoteli, na askari anauliza unakwenda wapi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Vizuri sana. Lakini ufukwe wa umma usio na njia ya kuufikia ni wa umma gani? Wa wenye mashua? Huko hakuna aliyezihesabu nyayo za wale wavuvi, wala za kina mama wa mwani.

Njia hizo nyingi hazimo katika ramani yoyote. Zimo vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Wengi mtakwenda likizo nyumbani na simu zenye ramani mfukoni, simu zinazoweza kurekodi kila hatua. Sisi wengine hatuwezi kwenda. Basi muulizeni mzee njia ya kuteremkia pwani ilipita wapi, mfuateni mpaka ilipo, muipite na muiweke kwenye ramani. Askari akiuliza mnakwenda wapi, mwambieni pwani.