Waraka wa Wazi kwa Kamishna wa Elimu: Mtoto Afundishwe Kutulia

Kwa: Kamishna wa Elimu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

YAH: OMBI LA KUFUNDISHA UTULIVU NA UMAKINI KATIKA SHULE ZA MSINGI

Sisi ni wa Kolo, wilayani Kondoa. Tunatambua uzito wa kazi yako wakati huu ambapo mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unaendelea kuingia darasa baada ya darasa. Ndiyo maana tunakuandikia sasa, kabla ratiba na vitabu havijafikia hatua ya kutoguswa tena. Ombi letu ni kwamba mtoto wa shule ya msingi afundishwe kutulia: kuweka akili yake pale mwili wake ulipo, kuifuatilia pumzi yake, kuitambua hasira au hofu kabla haijamtawala, na kumsikiliza mwenzake hadi amalize.

Tangu elimu bila malipo ilipoanza katika shule za umma mwaka 2016, watoto wengi waliokuwa nyumbani wameingia darasani, na hiyo ni neema kwa taifa. Neema hiyo imekuja na madarasa yaliyofurika, ambamo mwalimu hutumia sehemu ya kila kipindi kupaza sauti: “Tulieni!” Mtoto huamriwa kutulia kila siku, lakini hakuna anayemwonyesha namna ya kutulia. Tunaomba dakika tano asubuhi na nyingine tano baada ya mapumziko. Wadogo waweke mkono tumboni wausikie ukipanda na kushuka. Wakubwa wahesabu pumzi kumi, au wanyamaze wasikilize sauti za nje kisha wazitaje moja moja: upepo, mbuzi, lori linalopita kwenda Babati. Zoezi hili halihitaji kitabu wala umeme. Je, ofisi yako iko tayari kutoa mwongozo wa kuyaruhusu mazoezi hayo katika ratiba?

Hatutaki kukuuzia miujiza. Mazoezi ya aina hii yalipata umaarufu Marekani baada ya mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na baadaye yakafika mashuleni. Uingereza waliyapima katika shule 85, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 waliokuwa wakiingia ujana. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba wanafunzi waliopewa mazoezi hayo hawakuwa na nafuu ya moyo kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia za kawaida, na wengi wao hawakuyafanya mazoezi nje ya darasa. Walionufaika wazi ni walimu, ambao uchovu wa kazi uliwapungua. Sisi tunajifunza mawili hapo: somo hili haliwezi kuagizwa kutoka ng'ambo likapachikwa kama lilivyo, na anayestahili kuanza kutulia ni mwalimu. Kondoa tuna Chuo cha Ualimu Bustani. Tunaomba majaribio yaanzie hapo, kwa walimu tarajali na shule wanazokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, na matokeo yake yatangazwe hata yakiwa ya kukatisha tamaa. Je, hilo linawezekana?

Ndugu Kamishna, utulivu hauoti penye hofu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa makosa mazito tu, na viboko visizidi vinne. Wewe na sisi tunajua kwamba katika madarasa mengi fimbo hutembea kwa hesabu iliyokosewa na kwa kuchelewa namba. Mtoto anayeikodolea macho fimbo hawezi kuona kilichoandikwa ubaoni, sembuse kuisikia pumzi yake. Njia nyingine ipo, tena imejaribiwa hapahapa nchini: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba walimu wa sekondari za umma waliopewa mafunzo ya siku chache juu ya kuelewana na wanafunzi walipunguza vipigo na matusi, na wanafunzi wao wenyewe walithibitisha. Tunaomba majibu mawili. Nani anazikagua shule kuona kama kanuni zinafuatwa? Na ni lini ofisi yako itaishauri Serikali kuachana na kiboko kabisa?

Utulivu hauoti penye njaa pia. Ukanda wetu wa kati hupata mvua chache, na mwaka ambao uwele na mtama vimekataa, mtoto hufika shuleni bila kutia kitu kinywani. Kumwambia huyo afumbe macho na kuhesabu pumzi ni kumkosea heshima. Uji wa saa nne uje kwanza. Tunaomba kujua ofisi yako inazisaidiaje shule ambazo wazazi wake wameshindwa kuchangia nafaka mwaka wa ukame.

Sasa turuhusu tukutajie hazina tuliyo nayo. Juu ya vilima vya Kolo, chini ya majabali, ipo michoro iliyoifanya Kondoa iandikwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ipo ya twiga, pofu na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, mingi ikiwa ya rangi nyekundu. Waliochora walikuwa wawindaji waliomtazama mnyama kwa saa nyingi, wakajua shingo yake inavyoinama na mguu unavyokunjwa anapokimbia. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili kwa mkono, mstari kwa mstari, na kazi hiyo ikatoka kama kitabu mwaka 1983. Mchoraji na mnakili wote wawili walihitaji macho yaliyotulia, na watoto wetu wanaishi chini ya vilima hivyohivyo. Tunaomba ushirikiane na Wizara ya Maliasili na Utalii ili kila mwanafunzi wa shule za jirani apande walau mara moja kwa mwaka, kwa gharama isiyomshinda mzazi. Akifika, akae kimya mbele ya mchoro mmoja kabla hajaelezwa chochote, autazame, kisha auchore kwenye daftari lake. Mahali kama Mungomi wa Kolo, ambako wazee bado hufanya matambiko, watoto waingie kwa adabu na kwa idhini. Kipindi cha sanaa tayari kimo ndani ya mtaala wako. Je, kinaweza kufundishwa chini ya jabali?

Lipo suala ambalo wazazi wa Kondoa watakuuliza kabla ya mengine yote. Wilaya hii ni ya Waislamu na Wakristo wenye kuishika dini yao, na wataogopa kwamba kufumba macho na kupumua ni ibada ya kigeni inayoingizwa kwa mlango wa nyuma. Wana haki ya kuuliza. Tunaomba waraka wako utamke wazi kwamba zoezi hili halina dua, wimbo wala sanamu, kwamba mtoto anaweza kulifanya macho wazi, na kwamba mzazi anakaribishwa kukaa darasani alione. Mtoto aliyezoea kusimama kwenye safu ya sala, au kunyamaza kanisani, ana msingi mzuri tayari. Shule itauimarisha bila kuugusa.

Tunajua waraka wa ofisi yako una nguvu. Mwaka 2023 ulizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba mtoto mdogo anahitaji malezi ya wazazi wake. Uamuzi ule uliutazama moyo wa mtoto kabla ya alama zake za mtihani. Tunaomba sasa uende hatua ya pili, umtazame mtoto huyohuyo akiwa amekaa darasani.

Tungefurahi kupata majibu yako kabla shule hazijafunguliwa Januari ijayo, na tutayachapisha kama yatakavyokuja, bila kupunguza neno. Kama ombi lolote kati ya haya haliwezekani, tuambie sababu, ili wazazi na walimu wa Kolo wajue wagonge mlango upi mwingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhariri

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania