Tamko kuhusu Maambukizi ya Damu kwa Watoto Njiti

Sisi wakunga na wauguzi wa Kasumbalesa, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa Wizara ya Afya ya Jimbo la Haut-Katanga, kwa wakuu wa hospitali na kwa wazazi.

Mtoto njiti hana nguvu ya kuonyesha ugonjwa. Mara nyingi hapati hata homa: mwili unapoa, anaacha kunyonya, pumzi inakatika, na saa chache zinatosha kumpoteza. Katika wodi nyingi za watoto wachanga Afrika, anayeongoza kuingia katika damu yao ni bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae. Hujificha kwenye sinki, kwenye mipira ya oksijeni, kwenye kichupa kimoja cha dawa kinachochomwa sindano tena na tena ili kitoshe watoto watano, na mikononi mwetu sisi wahudumu.

Antibiotiki ya ampisilini haimwezi bakteria huyo kwa asili yake. Jentamisini na seftriaksoni nazo zinashindwa mara nyingi. Hubaki meropenemu, dawa ya bei kali, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliweka Klebsiella sugu kwa kundi la dawa la meropenemu juu kabisa ya orodha yake ya bakteria wa hatari.

Ndiyo maana hatuanzi kwa kuomba dawa kali zaidi. Majirani zetu wa Zambia, katika hospitali kuu ya chuo kikuu jijini Lusaka, walianza na mafunzo, spiriti ya mikono, usafi wa wodi, kuwaogesha watoto kwa klorheksidini, na ujumbe wa simu wa kuwakumbusha wahudumu. Vifo vilipungua. Sisi tunashindwaje?

Tunadai maji na spiriti ya mikono wodini usiku na mchana, na kichupa cha dawa kisigawiwe watoto wengi. Damu ichukuliwe ili ioteshwe maabara kabla ya antibiotiki ya kwanza. Pasipo na maabara, chupa ya damu ipelekwe Lubumbashi siku hiyohiyo. Barabara inayopitisha malori ya shaba kila siku haiwezi kukosa nafasi ya chupa hiyo. Majibu yakionyesha damu safi na mtoto ana nafuu, daktari asimamishe dawa. Famasi zisiuze antibiotiki bila karatasi ya daktari.

Mama asitolewe wodini. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri njiti abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa.

Nasi tunaahidi: mzazi yeyote akituuliza kama tumenawa kabla ya kumgusa mtoto wake, tutanawa mbele yake, bila kununa.

Limetolewa Kasumbalesa.